Afya: Mwangaza wa buluu na kijani unavyosaidia munganga kutambua polipi yenye hatari

Mutu akienda choo na kuona damu, wengi wanasema haraka: ni amiba, ao ni bawasiri. Mara nyingi ni kweli. Lakini wakati mwingine damu inatoka kwenye polipi, yaani kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mukubwa.

Polipi nyingi hazina ubaya. Zingine, zenye kuitwa adenoma, zinaweza kugeuka kansa, lakini hiyo inachukua miaka mingi, mara nyingi 10 ao zaidi. Wakati wa kuzitoa uko. Shida ni kujua hii ni ya namna gani.

Munganga anaona nini?

Kipimo kinaitwa kolonoskopi. Munganga anapitisha katika njia ya haja kubwa mupira mwembamba wenye taa na kamera. Kwa mwangaza mweupe wa kawaida, polipi ndogo zinafanana sana.

Mashine za kisasa ziko na kifungo cha kubadilisha mwangaza, unabaki buluu na kijani tu. Damu inanyonya rangi hizo mbili, basi mishipa midogo inaonekana wazi, yenye giza.

Polipi yenye rangi sawa na sehemu iliyo kando yake, ao nyeupe kidogo, kwa kawaida haina hatari. Ya kahawia, yenye mishipa inayozunguka vidoa vyeupe, kwa kawaida ni adenoma: inafaa kutolewa. Ya kahawia nzito, yenye mishipa iliyokatika-katika, inaweza kuwa kansa imekwisha kuingia chini. Hiyo haikatwe ovyo. Mugonjwa anatumwa kwa wapasuaji.

Kama mwangaza huo hauko, munganga anaweza kunyunyiza rangi ya indigo karmini. Inaingia katika mikunjo na kuonyesha mipaka ya polipi.

Mashine peke yake haitoshi

Munganga anapaswa kuwa amejifunza kusoma alama hizo, na laboratware ingali inahitajika kwa kuhakikisha. Mugonjwa naye anywe yote dawa ya kusafisha tumbo. Uchafu ukibaki, hakuna mwangaza utakaosaidia.

Mashine hizi haziko katika kila kituo cha afya. Lakini kama umetibiwa amiba na damu ingali inatoka, ao unakonda, ao ndugu yako alipata kansa ya utumbo, usiendelee kununua vidonge farmasi. Ona munganga, umuulize kama kolonoskopi inakufaa.