Mungu alimpa Eliya mkate kwanza

Leo naanza tafakari yetu kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanakwaya mmoja wa usharika wetu aliacha kuja mazoezini. Alikuwa mama wa watoto wawili, mwenye sauti nzuri na mcheshi. Nikiwa mzee wa kanisa, nikaenda kumwona. Nilimkuta amejilaza saa sita mchana, madirisha yamefungwa, vyombo vya juzi havijaoshwa. Akaniambia usiku hapati usingizi, chakula hakina ladha na moyo wake umekufa ganzi. Mimi nikaona imani imelegea. Nikamshauri afunge siku tatu na kuomba. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mzee, hata kuomba siwezi." Nikaondoka nikiwa nimemwongezea mzigo.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ulikuwa ugonjwa, nao unaitwa sonona. Sonona si huzuni ya msiba wala uchovu wa wiki moja. Ni hali inayomkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: anakosa furaha hata katika vitu alivyovipenda, usingizi unavurugika, mwili unakosa nguvu, anajiona hafai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa wanaishi nao. Usidhani wote hao wako nje ya kanisa. Wengine umekaa nao benchi moja asubuhi hii.

Sasa fungua Biblia yako, Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Eliya ametoka kushinda pale mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote. Lakini Yezebeli anapotuma vitisho, nabii huyu anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu amtoe roho. Mtu wa Mungu amechoka kuishi.

Je, Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea wala hakumwambia afunge. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili akamlisha tena, kwa kuwa safari iliyo mbele ilikuwa ndefu. Ndipo Eliya akatembea siku 40 mpaka Horebu. Huko Mungu alimuuliza anafanya nini pale, akamwacha aeleze uchungu wake wote, na alipourudia kwa maneno yale yale, bado alisikilizwa. Mwisho akampa kazi ya kufanya, akampa Elisha wa kufuatana naye, na kumjulisha kwamba wako wengine 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Mpendwa, mimi nilimwambia yule mama afunge, lakini Mungu alimpa Eliya mkate.

Ikiwa wewe ndiwe uliye chini ya mretemu leo, kuna mambo madogo unayoweza kuyajaribu. Anza na mwili. Amka na ulale saa zilezile kila siku, hata kama usingizi haukuja vizuri. Kula kidogo hata bila hamu, hata kama ni kikombe cha uji. Acha pombe, maana inakupumzisha kwa saa chache na kukuzamisha zaidi kesho yake.

Kisha toka nje. Tembea hadi kona ya mtaa na kurudi, kesho ongeza kidogo. Mazoezi ya mwili yameonekana kuwasaidia watu wengi wenye sonona. Usisubiri mpaka ujisikie vizuri ndipo ufanye jambo, kwa sababu katika ugonjwa huu hamu mara nyingi hufuata baada ya kutenda. Osha vikombe viwili. Mwagilia mchicha. Ukikamilisha moja, hesabu kwamba siku hiyo haikupotea.

Tena zungumza. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na watu waliolemewa na mawazo. Bibi husikiliza kwanza. Kisha matatizo yanatajwa yote, linachaguliwa moja, inapangwa hatua moja ya wiki hiyo, na mtu anarudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wewe pia chukua daftari, andika yanayokusumbua, chagua moja tu, kisha mtafute mtu wa kuketi naye.

Wala usiache maombi. Ila kama maneno hayaji, kaa kimya mbele za Mungu na uwaombe wengine wakuombee.

Lakini nisikudanganye. Kuna sonona ambayo uji na matembezi peke yake haviwezi kuiondoa. Ukiona wiki zinapita bila nafuu, au huwezi tena kuhudumia nyumba na kazi, nenda zahanati au hospitali ya wilaya ueleze wazi. Usiogope watu watasema umepelekwa Mirembe. Ukipewa dawa, fahamu kwamba huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na usiziache ghafla bila kumuuliza daktari. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali. Nawe unayeambiwa hivyo, usimwache peke yake na usianze kuhubiri.

Yule mama hakuponywa na ushauri wangu. Mama yake mkubwa alikuja kutoka kijijini, akafungua madirisha, akapika uji wa ulezi, na kila jioni akamshika mkono wakatembea mpaka kisimani na kurudi. Ndiye pia aliyempeleka hospitali. Ilichukua miezi. Alianza kurudi kanisani akikaa kiti cha nyuma, bila kuimba. Leo yuko kwaya, ingawa mwenyewe anasema ziko wiki nzito, nazo sasa anazitambua mapema.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, nilikusamehe zamani. Ila siku ile ungekuja na uji."

Mpendwa msomaji, ukitoka ibadani leo, mkumbuke yule ambaye hujamwona kanisani kwa wiki kadhaa. Nenda kamwone, na usiende mikono mitupu. Jumapili njema, na Mungu akubariki.