Lushoto hadi Bombo: Safari Haipimwi kwa Kilomita

Angani, Lushoto hadi Tanga mjini hazifiki kilomita 100. Ndege ndogo ingetumia kama nusu saa. Lakini Lushoto hakuna ndege za abiria. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo huteremka kwa gari, kona baada ya kona, kupitia Soni hadi Mombo, takribani kilomita 33, ndipo aanze safari ya Tanga. Masika udongo ukiporomoka barabarani, hesabu zote huvurugika.

Kwa mjamzito wa Mlalo au Mtae, ndani zaidi milimani, kutokwa damu si jambo la kusubiri kupambazuke. Familia ipige 115, bila malipo, kuomba usafiri wa dharura wa m-mama. Mchangia damu naye atafutwe mapema, mimba ikiwa bado changa.