Unavuka Namanga na Gari Yako? Lipa Panapofaa, Weka Risiti

Unapanga kwenda Arusha kwa gari yako mwenyewe? Poa sana. Lakini ukifika Namanga bila karatasi, safari inaweza kuishia hapo hapo.

Kwa forodha ya Tanzania, gari yako ni mgeni kama wewe. Inapewa kibali cha muda bila kutozwa ushuru wa gari linaloingizwa kubaki, mradi irudi Kenya kabla kibali hakijaisha. Ukipitisha siku, kuna faini, au gari ishikiliwe. Soma hiyo tarehe kabla hujatoka dirishani.

Beba hivi:

- Logbook. Kama gari si yako au bado ina mkopo, ongeza barua ya ruhusa ya mwenyewe au ya benki.
- Yellow Card ya COMESA. Inunue kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Inalinda watu wengine ukisababisha ajali, si gari yako.
- Pasipoti na leseni.

Sasa tuongee pesa. Maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, kwa hivyo huhitaji broka. Akikuambia, "Nitumie kwa namba yangu nikumalizie haraka," usitume. Ada ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba yake rasmi, si kwa simu ya mtu. Lipa, chukua risiti, iweke pamoja na kibali.

Ukirudi, hakikisha kibali kimefungwa mpakani. Bila hivyo, kwa rekodi zao gari bado iko Tanzania.

Safari njema!