Tamthilia Iliyorudi kwenye Waya

Usiku wa Jumanne, tarehe 24 Machi 2020, wakati ambapo watu wa miji mingi ya Marekani walikuwa wamejifungia majumbani kwa hofu ya maradhi ya korona, stesheni ndogo ya televisheni ya kebo iitwayo Pop ilianza kuonyesha msimu wa nne wa tamthilia ya One Day at a Time. Na tukio hilo, ambalo kwa mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake lilikuwa burudani ya nusu saa tu, kwa wajuzi wa biashara ya televisheni lilikuwa jambo lisilopata kutokea kabla yake. Tamthilia iliyozaliwa kwenye intaneti, ikakataliwa na waliokuwa wakiigharimia, ilikuwa imeokotwa na ile televisheni ya waya ambayo wengi walikuwa wameshaiandalia matanga.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea dishi juu ya bati na king'amuzi kando ya televisheni, pengine hajapata kuuona waya wenyewe. Ulianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika sehemu za milima kama Pennsylvania, ambako mawimbi ya stesheni za mijini yalizuiwa na vilima, hata watu wakasimamisha antena moja kileleni na kuvuta waya kutoka hapo mpaka katika kila nyumba iliyokubali kulipa ada. Baadaye zikazuka stesheni ambazo hazirushwi hewani kabisa, bali hupita ndani ya waya tu, nazo aghalabu hula kwa mikono miwili: mmoja hupokea fungu la ada ya mtazamaji, na wa pili hupokea fedha za matangazo ya biashara. Kwa ajili ya mkono huo wa pili, saa ndiyo bwana wa stesheni. Kipindi kinachoitwa cha nusu saa si cha nusu saa kwa hakika, kwa kuwa yakishaondolewa matangazo hadithi hubakiwa na dakika 21 au 22, na ndani ya dakika hizo sharti ikatike mara mbili tatu mahali ambapo mtazamaji atatamani kurudi.

Tamthilia za intaneti zilikuja na sheria nyingine. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ilitoa House of Cards, sehemu zote 13 za msimu wa kwanza kwa siku moja, pasipo tangazo hata moja katikati, na mtazamaji akapewa hiari ya kuzimaliza kwa usiku mmoja au kwa mwezi mzima kama apendavyo. Mwandishi naye akapata uhuru wake: sehemu moja ikihitaji dakika 26 ilipewa 26, na nyingine ikihitaji 33 haikunyimwa.

Katika uhuru huo ndimo ilimozaliwa, mwezi wa Januari 2017 kwenye Netflix, One Day at a Time mpya. Nasema mpya kwa sababu ya kale ilionyeshwa na CBS tangu 1975 hadi 1984, nayo ilikuwa kazi ya Norman Lear, mtayarishaji ambaye hakuogopa kuingiza katika vichekesho mambo ambayo watu walizoea kuyanong'ona. Gloria Calderón Kellett na Mike Royce waliichukua nyumba ile ya mama mlezi asiye na mume wakawapangishia Wamarekani wenye asili ya Kuba, wakazi wa Los Angeles: Penelope Alvarez, muuguzi aliyepata kuwa askari, akiigizwa na Justina Machado, watoto wake wawili, na mama yake Lydia, bibi mwenye madaha aliyeigizwa na Rita Moreno, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kutimiza miaka 85. Vichekesho vyao vilibeba mizigo mizito, kama vile majonzi ya askari aliyerudi kutoka vitani, hofu ya wahamiaji wasio na hati, na binti anayetafuta namna ya kumweleza baba yake yeye ni nani. Siioni sababu ya kuficha kwamba naipenda tamthilia hii. Ni nadra kuona bibi, mama na mjukuu wakizozana kwa haki katika sebule moja na kila mmoja akabaki na hadhi yake.

Mwezi wa Machi 2019, baada ya misimu mitatu na sehemu 39, Netflix ilitangaza kuwa watazamaji hawakutosha kuhalalisha gharama ya msimu mwingine. Wapenzi wa tamthilia wakapiga kelele mitandaoni, lakini kilichoiokoa zaidi ya kelele ni mkataba, maana mwenye mali alikuwa Sony Pictures Television, na Netflix ilikuwa mnunuzi wa haki za kuionyesha. Hata hivyo, kwa jinsi ilivyoelezwa wakati ule, mkataba uo huo uliizuia isipelekwe upesi kwenye huduma nyingine ya intaneti. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Uliobaki wazi ni ule wa zamani, wa kebo, na mwezi wa Juni Pop ikaingia kwa mlango huo.

Sasa hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alitazame kwa makini. Watu husema kwamba tamthilia ikihamishwa kutoka intaneti kwenda kebo imebadili chombo tu, kama shehena iliyotolewa katika jahazi moja na kutiwa katika jingine. Si hivyo. Muda ni sehemu ya kazi ya sanaa kama vile vina na mizani vilivyo sehemu ya shairi, na mwandishi aliyezoea kumwacha bibi Lydia anyamaze hata machozi yamtoke hawezi kuununua ukimya huo kwa bei ile ile pale ambapo kila sekunde ina mteja wake mwenye sabuni ya kuuza. Msimu wa nne uliandikwa upya kwa kipimo kipya, tangu mwanzo; lakini tamthilia iliyokwisha kupigwa kwa kipimo cha intaneti, ikiletwa kwenye waya, hukatwa kwa mkasi, na mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kile kisichosukuma kisa mbele, ambacho ndicho kilichowafanya wahusika wawe watu.

Lakini waya nao una neema yake, nayo ni kungoja. Waliokulia mitaa yetu enzi ambapo televisheni moja ilikusanya watoto wa majirani wote wanajua jinsi kisa kinavyokua ndani ya juma moja la kungojewa, kikijadiliwa kisimani na barazani hata kikawa mali ya wote.

Tena kuna suala la riziki. Katika desturi ya zamani kila tamthilia iliporudiwa, mwandishi na mwigizaji walipokea mrabaha, na huo ndio uliowalisha katika miezi mikavu. Kwenye intaneti malipo hayo yalikuwa haba, wala hayakufuata idadi ya watazamaji, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyowatoa waandishi wa Marekani kazini kwa siku 148 katika mwaka 2023, na waigizaji wakawafuata. Ndiyo maana fundi wa tamthilia hufurahi kazi yake inapopata nyumba ya pili.

Na nyumba za pili zimepatikana. Mwaka 2018 Comedy Central ilianza kurudia BoJack Horseman ya Netflix; mwanzoni mwa 2024 ABC, ambayo hurushwa hewani na si stesheni ya kebo, ilionyesha msimu wa kwanza wa Only Murders in the Building, mali ya huduma ya intaneti ya Hulu, iliyo jamaa yake ndani ya Disney, kwa kuwa migomo ilikuwa imeziacha ghala za stesheni tupu. Lakini wakati nyumba hizo zikipatikana, waya wenyewe ulikuwa ukipungua: Julai 2022, kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima utazamaji, utazamaji wa intaneti Marekani ulifika asilimia 34.8 ya muda wote wa televisheni, na kwa mara ya kwanza ukaipita kebo iliyokuwa na asilimia 34.4.

Familia ya Alvarez haikukaa sana katika makazi yake mapya. Korona ilisimamisha upigaji picha msimu ukiwa haujafika nusu. Oktoba 2020 CBS, nyumba ya tamthilia ile ya kale, ilionyesha sehemu zilizokwisha kutengenezwa, maana nayo ilikuwa na uhaba wa vipindi. Kisha tarehe 24 Novemba Pop, ambayo wenyewe walikuwa wakiacha kugharimia tamthilia mpya, ikaifuta. Sehemu ya 46 na ya mwisho ikabaki kuwa ile ya katuni iliyoonyeshwa tarehe 16 Juni, ambayo waigizaji, kwa kuwa hawakuweza kukutana, waliirekodia sauti zao kila mmoja akiwa kwake.