KOMPYUTA YA BEI NAFUU: TAZAMA PROSESA KABLA YA KUTOA PESA



Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, msimu wa pamba ukiisha hapa Bariadi, wapo wazazi wanaotenga sehemu ya mauzo kuwanunulia vijana wao kompyuta iliyotumika. Pesa hiyo ni jasho la mwaka mzima. Basi ni vyema tujue tunanunua nini.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Wengi hutazama kibandiko cha "Core i5" na wingi wa gigahezi (GHz). Yote mawili yaweza kukupoteza. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifika GHz 3.8, lakini ilishindwa na Core 2 Duo ya mwaka 2006 yenye GHz 2.4. Sababu ni kwamba Core 2 Duo ina viini viwili, na katika kila pigo hukamilisha kazi nyingi zaidi.

Tazama namba inayofuata jina. Core i5-2400 ni ya kizazi cha 2 (mwaka 2011), ina viini 4. Core i5-8400 ni ya kizazi cha 8 (mwaka 2017), ina viini 6. Zote huitwa i5! Tena Windows 11 kwa kawaida hutaka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025. Ukiwa dukani, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua sehemu ya CPU. Jina kamili litaonekana.

Je, prosesa dhaifu yaweza kuongezwa kasi? Ndiyo, mafundi huita ovakloki. Mwaka 1998 Celeron 300A ilikuwa na mapigo ya msingi MHz 66 yakizidishwa mara 4.5, yaani takriban MHz 300. Watu wakapandisha msingi hadi 100, ikawa 450. Lakini leo prosesa nyingi za Intel Core zisizo na herufi K mwishoni zimefungwa, na kompyuta nyingi za maofisini haziruhusu. Ryzen nyingi za AMD zimefunguliwa, ila bodi kuu nayo lazima ikubali.

Gharama yake ni joto. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, joto hupanda kwa takriban asilimia 21, kwani 1.1 × 1.1 = 1.21, na kasi uliyoongeza huzidisha tena. Kwa vumbi letu la kiangazi, feni iliyoziba haiwezi kulimudu.

Kwa hiyo safisha feni kwanza, badilisha dawa ya joto iliyokauka, na weka diski ya SSD. Hapo utaona tofauti bila hatari.

Na ukiuza kompyuta uliyoiongeza kasi, mweleze mnunuzi. Kuficha kasoro ya bidhaa ni ghushi, na ghushi ni haramu.

Wabillaahi tawfiq.