Majibu ya Muhogo Yafike Kabla ya Masika

Viazi karai vya jioni hapa Takaungu hutengenezwa kwa viazi vilivyotoka bara. Zao letu wenyewe ni muhogo, na maradhi yake mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia, yameishi pwani hii muda mrefu kuliko mradi wowote uliokuja kuyapima. Batobato ilielezwa kitaalamu huko Tanganyika mwaka 1894. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara.

Kwenye karatasi, ukaguzi wa maradhi haya umenyooka. Gari hufuata barabara na kusimama kila baada ya kilomita kadhaa penye muhogo wa miezi mitatu hadi sita. Mimea 30 hutazamwa na kila mmoja hupewa alama, 1 kwa mzima hadi 5 kwa ulioharibika kabisa. Majani machache hupelekwa maabara. Kazi hii ni ya lazima: michirizi iliyodhaniwa ni shida ya pwani na nyanda za chini ilionekana ikienea Uganda kuanzia 2004.

Shambani mambo hubadilika. Batobato haijifichi, jani hujikunja na kuchanganya njano na kijani. Michirizi huanzia majani ya chini yaliyokomaa, nayo hupukutika mapema, kwa hiyo anayetazama kilele tu huondoka akiandika 1. Shina limesimama vizuri, mwenye shamba hana wasiwasi. Siku ya kung'oa, kisu kikipita katikati ya mzizi, ndipo yanapoonekana madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyoiva hata yakichemshwa. Kibandameno, muhogo mtamu tunaoupenda kwa kukaanga, ndio unaoumia sana.

Siku hizi ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO na IITA. Inazungumza Kiswahili, inafanya kazi bila intaneti, na inajibu papo hapo. Naipenda kwa hilo la kujibu. Lakini nayo husoma jani. Mzizi ulio chini haiuoni.

Inzi weupe husambaza virusi, ila mtafiti K. R. Bock alionyesha kuwa pwani ya Kenya batobato ilisafiri zaidi kwa pingili, vipande vya shina vinavyopandwa kama mbegu. Jirani humwomba jirani mbegu, hukatiwa mzigo, hupanda. Njia hiyo haimo kwenye ramani ya gari, na ndiyo iliyotuletea pia kheri. Kaleso, muhogo unaostahimili michirizi, ni uzao wa Amani namba 46106/27. Kusini mwa Tanzania mmea huohuo huitwa Namikonga. Kazi ya kuzalisha mihogo Amani ilifungwa zamani, wakulima ndio waliouhifadhi kwa kupeana.

Basi mkaguzi aulize mbegu ilitoka kwa nani na imekwenda kwa nani, na ang'oe mzizi mmoja aupasue mbele ya mwenyewe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo Mtwapa, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi. Majibu yarudi kwa mkulima kwa maneno ya kawaida kabla ya masika, pingili hazijakatwa. Nawe msomaji mwenye shamba, usimpe mtu mbegu ya shina ambalo mzizi wake hujaupasua ukauona.