Zipu Iliyotoka Mafichoni

Jijini Dar es Salaam, kati ya meza ya fundi wa Magomeni Mapipa na kaunta ya duka la zipu Kariakoo lipo bonde la Jangwani tu. Siku ya jua, basi la mwendokasi hulivuka kwa dakika chache. Siku ambayo Mto Msimbazi umefurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, mabasi hukatishwa, na fundi aliyebakiza zipu moja amalize gauni la sendofu hana la kufanya ila kubandua ya nguo kuukuu. Kitenge huletwa na mteja mwenyewe. Uzi ukinunuliwa hukaa. Zipu ndiyo inayomtoa fundi kibandani kwake, kwa kuwa kila oda ina urefu wake, rangi yake na uzito wake.

Kwa miaka mingi kazi ya zipu ilikuwa kujificha. Fundi mzuri alipimwa kwa jinsi alivyoizika: rangi moja na kitambaa, mshono ulionyooka, isionekane hata mteja ageuke mara ngapi mbele ya kioo. Mtindo umegeuka. Gauni la kitenge sasa hubeba zipu pana ya rangi ya dhahabu mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, meno yote nje, ukanda wake umetariziwa au umeshonewa shanga. Vipochi vya vitenge huzungushiwa zipu iliyofunguliwa badala ya pindo, meno yakametameta kama mkufu. Kichwa cha zipu, ambacho zamani kilitolewa na kiwanda na kuachwa kilivyo, huning'inizwa kishada cha nyuzi, kifundo cha ngozi au ua la kitambaa. Kitu kilichokuwa cha kufungia nguo kimekuwa cha kuiuzia.

Ni biashara ndogo ndani ya biashara kubwa, na haina chama wala ofisi. Ila ukitaka kuelewa fundi cherehani wa Dar es Salaam anapata wapi faida yake, na anaipoteza wapi, fuata zipu.

Safari huanzia Kariakoo. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya vifaa vya ushonaji haikuwa imejifungia humo. Imetapakaa katika mitaa inayolizunguka, kwenye maduka ya jumla na kwa wamachinga wanaotandaza bidhaa zao chini. Zipu huuzwa kwa namna mbili. Ipo iliyokatwa tayari, yenye kichwa na vizuizi vyake, inayonunuliwa moja moja au kwa dazeni. Na ipo inayokuja kwenye roli ndefu, inapimwa kwa mita, vichwa vikiuzwa mbali. Fundi wa nakshi hupendelea roli. Anakata urefu anaoutaka, anachagua kichwa kinacholingana na wazo lake, anachoma kidogo ncha ya ukanda wa nailoni kwa kiberiti usichanguke, kisha anapiga mishono michache mizito mwishoni kuwa kizuizi.

Namba nazo zina maana. Zipu namba 3, 5, 8 au 10 hukaribiana na upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Namba 3 ya nailoni ni ya sketi na gauni jepesi. Namba 5 inabeba mkoba. Namba 8 na 10 ni za majaketi na mabegi ya safari. Fundi mgeni katika kazi hii hukosea hapa mapema. Anavutiwa na zipu nene ya chuma, anaishona kwenye kitambaa laini, na gauni linavutwa chini mgongoni kama limetundikwa jiwe. Dawa yake ni kitambaa cha kukazia kilichopigwa pasi kwa ndani kabla ya kushona, jambo linaloongeza gharama ndogo na kuokoa nguo nzima.

Sehemu kubwa ya zipu hizo hutoka China. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua njia ya Guangzhou na Yiwu, na katika mkoa wa Zhejiang, ilipo Yiwu, upo pia mji mdogo wa Qiaotou uliojijengea sifa duniani kwa vifungo na zipu. Kwa ubora, jina ambalo fundi hulitafuta akigeuza kichwa cha zipu ni herufi tatu, YKK, kampuni ya Kijapani aliyoianzisha Tadao Yoshida mwaka 1934. Mnyororo huu mrefu unaishia kwa fundi mmoja mwenye kibanda, na ukikatika popote yeye ndiye anayeumia wa mwisho. Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa, na tena Juni 2024, athari ilivuka Jangwani. Oda zilikuwepo, vipimo vimeshachukuliwa, na pa kununulia vifaa pamefungwa.

Zipu yenyewe ilichukua muda kukubalika. Mmarekani Whitcomb Judson alipata hataza ya kifungo cha kuteleza mwaka 1893, kikawa kinakwama na kufunguka ovyo. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, ndiye aliyekinyoosha mwaka 1913 kwa meno yanayoumana kama tunavyoyajua leo, na hataza yake ikatoka mwaka 1917. Jina la zipu lilitoka kwa kampuni ya B.F. Goodrich mwaka 1923, iliyoitumia kwenye viatu vya mpira. Miaka ya 1930 mbunifu Elsa Schiaparelli wa Paris akaanza kushona zipu za plastiki za rangi juu ya magauni ya gharama, mahali pa kuonekana.

Lakini wazo la kupamba mdomo wa nguo halikungoja Paris lifike kwenye pwani hii. Kanzu ina tarizi yake kuzunguka mpasuo wa shingo, palepale nguo inapofunguka. Dishidasha ya Oman ina kishada kinachoning'inia kifuani, furakha, ambacho wenyewe hukichovya manukato. Kofia iliyotariziwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na bei yake hutokana na wingi wa matundu yaliyozungushiwa uzi. Fundi wa Magomeni anayefunga kishada kwenye kichwa cha zipu hajaiga jarida la ng'ambo. Ametia mkono katika desturi ambayo wazee wake waliijua kabla ya meno ya chuma kufika.

Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kofia ya mkono anajua analipia nini. Mnunuzi wa gauni la zipu ya shanga, mara nyingi, hajui. Hapo ndipo penye tatizo la biashara hii.

Hesabu yake si ngumu. Chukua zipu ya sentimita 20 ya kipochi. Ukiweka shanga moja kila nusu sentimita, pande zote mbili, ni shanga 80. Kila shanga hupitiwa uzi mara mbili isilegee. Tuseme mkono uliozoea unamaliza shanga mbili kwa dakika moja: kipochi kimekula dakika 40 kabla hakijapanda kwenye cherehani. Zipu ya sentimita 50 mgongoni mwa gauni, kwa nafasi hizohizo, inameza shanga 200 na saa moja na dakika 40. Shanga, uzi na zipu ni vitu vya bei nafuu. Kinachokwenda ni saa, na saa ndicho kitu ambacho fundi hakiandiki popote. Mteja huulizia bei ya mshono, fundi hutaja bei ya mshono, na nakshi huingizwa humo kama nyongeza ya upole. Wiki ikiisha fundi amefanya kazi mbili na kulipwa moja.

Kazi yenyewe ina siri zake, na zinastahili kutajwa kwa kuwa ndizo zinazotofautisha nakshi inayodumu na ile inayorudishwa na mteja kwa hasira. Shanga hushonwa kabla ya zipu kuingia kwenye nguo, ukanda ukiwa mkononi peke yake. Baina ya shanga na meno huachwa nafasi ya kutosha kichwa kupita. Ukisogeza shanga karibu mno, kichwa hukwama safari ya kwanza. Tarizi ya cherehani, hasa mshono wa zigizaga kwa uzi wa rangi tofauti, hupigwa ukingoni mwa ukanda, mbali na njia ya kichwa. Kwenye cherehani hufungwa mguu mwembamba wa zipu, ili sindano ipite kando ya meno bila kuyagonga. Zipu ikiwa nzito kuvuta, husuguliwa kipande cha mshumaa au sabuni kavu.

Kisha kuna maua. Zipu ya chuma hutenganishwa, nusu moja hupitishwa uzi ukingoni mwa ukanda, uzi ukivutwa ukanda hujikunja wenyewe na meno kubaki nje kama ukingo wa petali. Ukizungushwa mara tatu nne na kushonwa kwa chini, ua limepatikana: la begani, la kwenye pochi, la kwenye kilemba. Nusu ya pili ya zipu ileile hutoa ua lingine, kwa hiyo hakuna kinachotupwa.

Maua haya hayahitaji zipu mpya, na hilo limefungua mlango mwingine wa malighafi. Katika mitumba mna suruali za jinsi, majaketi na mabegi yaliyochakaa kitambaa ilhali zipu zake bado ni imara. Soko la Karume pale Mchikichini, lililoteketea kwa moto Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakarudi kuuza, liko jirani na Kariakoo, na nguo isiyouzika kwa kuvaa huweza kuuzika kwa zipu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuzinyima nchi husika nafuu za kibiashara za mpango wake wa AGOA, Tanzania ililegeza msimamo. Mjadala ule ulihusu viwanda vya nguo. Hakuna aliyezungumzia zipu, lakini kwa fundi wa nakshi robota la mitumba ni duka la vifaa.

Umbali mfupi kutoka Magomeni, huko Mabibo, kiwanda cha Tooku Garments kinashona suruali za jinsi za kuuzwa nje ndani ya eneo maalumu la uchumi la Benjamin William Mkapa. Huko kila zipu ni sawa na jirani yake, hushonwa na mtu anayefanya hatua hiyo moja kutwa nzima, na thamani hutokana na wingi. Kibanda cha Magomeni hakiwezi kushindana na wingi huo, na hakipaswi kujaribu. Nguvu yake ni kwamba hakuna gauni la pili linalofanana.

Nguvu nyingine ni ya mikono. Kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024, mgao wa umeme ulipobana, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024, wenye cherehani za umeme na ovaloku walikaa wakisubiri. Mwenye cherehani ya kukanyaga aliendelea. Mwenye sindano na kopo la shanga hakujua hata kama umekatika, mradi kulikuwa na mwanga wa dirisha.

Kinachomtisha zaidi fundi mbunifu ni simu. Picha ya mgongo wa gauni ikiwekwa Instagram asubuhi, wateja wa vibanda vingine wameshaionyesha kwa mafundi wao jioni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia kazi za sanaa za matumizi, zikiwemo za mikono, na alama ya biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Kwa kazi ya shanga 80 ni vigumu kuona nani ataenda mahakamani. Ulinzi unaofanya kazi kweli ni kasi ya kubadilisha na alama ndogo isiyoigika kirahisi: kishada chenye rangi zake, kichwa kilichofinyangwa kwa namna moja, kitu ambacho mteja akikiona kwenye sherehe ya harusi anajua kimetoka kwa fundi gani. Maonyesho makubwa kama Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, yamewazoesha watazamaji wa mjini kuuliza jina la mbunifu. Uswahilini swali hilo linaanza kuulizwa pia.

Mtaji upo wa aina moja inayofaa ukubwa huu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha mafundi watano kinaweza kununua roli kwa bei ya jumla na kugawana, badala ya kila mmoja kuvuka Jangwani kwa zipu mbili. Hata bila mkopo, kununua kwa pamoja kunapunguza nauli na kunawapa rangi nyingi zaidi za kuchagua.

Na bei? Wapo mafundi walioanza kuandika kwenye karatasi ya oda mistari miwili, mmoja wa mshono, mmoja wa nakshi, wakimwonyesha mteja sampuli tatu za zipu juu ya meza: tupu, ya tarizi, ya shanga. Mteja anashika, anavuta kichwa juu na chini, anasikia uzito. Anapochagua ya shanga ameshaona kwa macho yake kwa nini mstari wa pili upo. Baadhi hurudi kwa ya tarizi, na hilo si hasara, maana fundi ameokoa saa moja ambayo zamani angeitoa bure. Miezi baadaye mteja yuleyule huleta kipochi ambacho kichwa cha zipu kimelegea. Fundi hubana kipya kwa koleo kwa dakika tano, hukata kishada cha zamani na kukifunga upya, na sampuli bado zipo palepale mezani.